Dodoma inanenepa pembeni, inakonda katikati

Siku hizi nikisimamisha bajaji hapa Dodoma nikasema "nipeleke mjini", dereva huniuliza: "Mjini wapi, mzee?" Zamani hilo lingekuwa swali la mgeni. Mjini kulikuwa kumoja tu: Madukani, Uhindini, Viwandani, soko la Majengo, stesheni ya reli ya Mjerumani, stendi ya mabasi. Ungekuzunguka kote kwa miguu, ukanywa chai njiani, na adhuhuri ikakukuta nyumbani. Leo mtumishi wa wizara akisema yuko mjini, huenda yuko Mtumba, kilomita 17 kutoka hapo Madukani. Abiria wa basi la Mwanza au la Arusha, mji wake wa kwanza ni Nanenane. Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anaweza kumaliza shahada yake kule mlimani akiwa amefika Nyerere Square mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anapiga picha.

Wengi wanaliona hilo kama dalili ya ukubwa, na kwa kiasi fulani wana haki. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Ni karibu mara mbili ndani ya miaka kumi, na mji unaoongezeka hivyo lazima ufungue mkanda. Mimi ninachokitazama ni mahali unaponenepea. Katikati ya Dodoma hapakimbiwi na watu. Panavuliwa nguo moja baada ya nyingine, kwa maamuzi ya kiofisi, na kila uamuzi ukiutazama peke yake una akili kabisa.

Stendi ya mikoani ilihamia Nzuguni, pale Nanenane. Ni sawa, kwa sababu mabasi makubwa yalikuwa yanabanana na watu. Likajengwa soko kubwa la Job Ndugai jirani na stendi hiyo. Nalo ni sawa, mzigo ushukie karibu na mabasi. Wizara zikapelekwa Mtumba, ofisi za awali zikazinduliwa Aprili 2019. Ikulu ikakamilika Chamwino na kuzinduliwa Mei 2023, na hiyo iko nje kabisa ya mipaka ya jiji, wilaya ya jirani. Bandari kavu imekwenda Ihumwa. Uwanja wa ndege mkubwa unajengwa Msalato, upande mwingine kabisa, barabara ya Arusha. Sasa chukua kalamu uunganishe vituo hivyo kwenye ramani. Utapata umbo pana lililouacha mji wa zamani nje yake, na hakuna hata kimoja cha vitu hivyo kilichoongezwa ndani ya mji huo.

Nisieleweke vibaya. Katikati hapajafa. Nenda Majengo saa nne asubuhi, uone kama utapata pa kukanyaga kati ya nyanya, dagaa na mitumba. Benki bado ziko pale, hospitali ya rufaa ya mkoa iko pale, makao makuu ya chama yako pale, na Bunge liko mwendo mfupi tu kwa bajaji. Barabara za katikati leo ni bora kuliko zilivyokuwa nilipokuja hapa mara ya kwanza, wakati mvua moja ilitosha kukufanya ubebe viatu mkononi. Kwa hiyo anayetafuta magofu hatayapata.

Dalili ziko kwingine, na ukitaka kuziona muulize dalali. Nilimuuliza mmoja ninayemfahamu, anayekaa kwenye benchi lake Majengo tangu simu zilipokuwa za vibandani, kuhusu fremu zilizokuwa zinategemea abiria wa mabasi: maduka ya mabegi, migahawa ya supu ya alfajiri, gesti za usiku mmoja. Zamani, alisema, fremu kama zile huzipati bila kilemba, ile fedha ya kuachiwa fremu, na kilemba chenyewe unapeleka kwa unyenyekevu kama unaposa. Siku hizi? "Hiyo nakupa bila kilemba, na kodi tunaongea." Mchumi angetuandikia kurasa hamsini kuhusu kushuka kwa thamani ya eneo na asiseme zaidi ya sentensi hiyo.

Dalili nyingine ni usiku. Mji hupimwa na wanaolala ndani yake, si na wanaopita. Ghorofa za Uhindini zilizojengwa na wafanyabiashara ili duka liwe chini na familia ilale juu, nyingi sasa huko juu ni ofisi au stoo. Saa mbili usiku mageti yanafungwa, mlinzi anatandika boksi lake, na mtaa uliokuwa na watoto wanaocheza barazani unabaki na paka. Kelele zinarudi Bunge likikaa, hasa lile la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Hapo vyumba hujaa, nyama choma hupanda bei, na kila mwenye gari anageuka kuwa teksi. Likiahirishwa, mama lishe wa katikati anapunguza sufuria. Uchumi wa kuvizia wageni huo, Dodoma umeuzoea tangu Bunge lihamie hapa mwaka 1996, miaka ambayo waheshimiwa na watumishi walikuwa wanakimbilia mabasi ya Dar es Salaam kila Ijumaa jioni.

Habari za miji kukonda katikati wengi wetu tumezisikia kutoka Marekani, na mfano unaotajwa daima ni Detroit. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Mwaka 2020 walibaki takribani 639,000, na katikati ya safari hiyo, Julai 2013, serikali ya mji ilikwenda mahakamani kutangaza imefilisika. Watu wanasema ni viwanda vya magari kufungwa, na kweli vimo. Lakini viwanda vingi havikufungwa, vilihamia nje ya mpaka wa mji, penye ardhi ya bei rahisi. Barabara kuu zilizojengwa kwa fedha za serikali ziliwarahisishia waliotaka kuondoka, na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali ilikuwa inawakubali Wazungu wa viungani na kuwakataa Weusi wa mjini, mtaa kwa mtaa, kwa ramani zilizopakwa rangi nyekundu. Aliyeweza kuondoka aliondoka. Na hapa ndipo penye fundo: alipovuka barabara ya mpaka, kodi yake ilivuka pamoja naye. Kiunga kikawa halmashauri yake yenyewe, na shule zake na polisi wake, huku mji wa zamani ukibaki na mabomba ya kukarabati na mapato yanayopungua.

St. Louis ni kichekesho zaidi. Mwaka 1876 wapiga kura wake walijitenga wenyewe na kaunti inayowazunguka, wakiona vijiji vya nje ni mzigo kwa mji tajiri. Wakaufunga mpaka wao. Vijiji vile vikawa viunga vya wenye nazo, na mji uliokuwa na watu zaidi ya 850,000 mwaka 1950 ukabaki na kama 300,000 mwaka 2020. Walijifungia nje ya nyumba yao na ufunguo ukabaki ndani.

Ukishasoma hayo unaweza kupumua na kusema: sisi tumepona. Kweli, kwa hilo tumepona. Mpaka wa Jiji la Dodoma ni mpana ajabu. Ndani yake kuna kata 41, na nyingine kati ya hizo, kama Hombolo, Mpunguzi, Zuzu au Mbabala, bado ni mashamba ya uwele, zabibu na zizi la ng'ombe. Mtu akihama Uhindini kwenda Iyumbu hajavuka mpaka wowote. Diwani wake na wa Majengo wanakaa ukumbi mmoja, na mapato yanaingia kapu moja. Wamarekani wengi wanaoshughulikia miji wangeutamani mpaka kama huu.

Sasa mbona na sisi katikati panakonda?

Jibu langu ni kwamba kapu likiwa moja, inabaki kuuliza linajazwaje. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa 1973, na kazi zake zikaenda kwa halmashauri. Wakazi walishangilia, na walikuwa na sababu: CDA ilikuwa mwenye nyumba mkali, hati zake zilikuwa za miaka 33 wakati wenzetu kwingine wanapewa 99, na ukijenga bila kibali greda lilikuwa halichelewi. Halmashauri ikarithi ardhi. Na halmashauri yenye ardhi kubwa, katika mji ambao serikali nzima inahamia, ikagundua chanzo cha mapato kitamu kuliko ushuru wa soko: kupima viwanja na kuviuza.

Kiwanja kina ladha moja mbaya. Kinauzwa mara moja tu. Ukishakiuza Nala, kule pembezoni, mwakani lazima upime kingine mbele ya Nala. Kwa hiyo hazina ya mji inakuwa na njaa ya kwenda mbele, kama mfugaji anayefuata malisho, na kila ulipopita unabaki na deni: barabara ya mtaa, mfereji, bomba, shule, zahanati, taa. Fedha ya kiwanja inaingia mwaka mmoja, gharama ya kiwanja haina mwaka wa mwisho. Katikati ya mji halmashauri haina kiwanja cha kuuza, basi katikati haina wa kuipigania kwenye kikao cha bajeti. Wamarekani walikimbiza kodi kwa kuvuka mpaka. Sisi tunaifukuza kodi ndani ya mpaka uleule, na mwisho wake unafanana zaidi kuliko tunavyopenda kukubali.

Kodi ya majengo nayo haisaidii. Tangu 2021 inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapandishwa. Ni mfumo rahisi na hauna usumbufu, naupongeza kwa hilo. Lakini hautofautishi nyumba iliyo mita mia moja kutoka sokoni na iliyo porini, na mwenye kiwanja kitupu asiye na luku halipi hata senti ya kodi hiyo. Yule aliyekaa na kiwanja chake katikati akisubiri bei ipande hasumbuliwi, ilhali mama mwenye vyumba vinne Chang'ombe anakatwa kila mwezi. Sheria inataka kiwanja kiendelezwe ndani ya muda uliowekwa kwenye hati. Zunguka Area D au Ilazo Jumamosi moja uhesabu viwanja vyenye michongoma na mbuzi, kisha uniambie nani anafuatilia.

Nirudi kwenye neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kimetuachia kitu hapa. Wenzetu wa pwani waliposema kiunga, walimaanisha shamba la miti pembezoni mwa mji: minazi, miembe, mifenesi. Kiunga kiliulisha mji, na mji ulikinunulia kiunga mazao yake. Walikuwa wawili wanaotegemeana. Dodoma nayo ilikuwa na viunga vya aina hiyo. Mlenda, karanga, kuku, mtama wa pombe, baadaye zabibu, vyote vilitoka Ntyuka, Ihumwa, Nzuguni, Makulu vikaingia Majengo kichwani na kwenye baiskeli. Tulipovigeuza viunga kuwa viwanja, tulikata mkono mmoja wa biashara hiyo.

Kuna bibi mmoja Ihumwa niliwahi kumtembelea, nikamsalimu "mbukwenyi" kwa Kigogo changu cha kuungaunga, akanicheka kwanza ndipo akanikaribisha. Amehama mara tatu bila kutoka katika eneo analoliita kwao. Mara ya kwanza ilikuwa Operesheni Dodoma, 1971, familia yake ilipotolewa kwenye tembe lao na kupangwa kijijini. Mara ya pili, shamba la mumewe lilipopimwa. Mara ya tatu alihama mwenyewe: fidia iliyobaki ilinunua eneo mbali zaidi, kwa kuwa karibu hapakununulika tena. Wajukuu wake sasa wanafanya vibarua vya zege kwenye nyumba zinazojengwa pale alipokuwa anapalilia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Ihumwa mgeni alikuja, mwenyeji akasogea.

Na huyo mgeni wa kiungani naye, msimwonee wivu sana. Mimi ni mmoja wao, nakaa upande wa Ilazo, najua ninachosema. Unanunua kiwanja cha 20 kwa 20, unachimba msingi, unasimamisha boma, fedha inaisha. Mtaa mzima unakuwa wa mapagale, moja lina bati, moja lina mti umeota sebuleni. Aliyemaliza kujenga anahamia na kukuta yuko peke yake na fisi wake. Maji ni ya boza. Umeme umefika, lakini nguzo ya mwisho iko kwa jirani. Barabara ni ile iliyochongwa na greda mwaka wa kupima, mvua mbili zimeigeuza korongo. Mtoto anasoma shule aliyokuwa anasoma kabla hamjahama, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani. Huyu hakukimbia mji. Alikimbia kodi ya pango ya miezi sita, na katikati hakuna aliyemjengea chumba cha bei yake.

Hapo ndipo tunakutana na daladala. Njia zake bado zimepangwa kama spoku za baiskeli, zote zinaelekea Sabasaba, pale katikati. Anayekaa Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba anapanda gari hadi Sabasaba, anashuka, anapanda jingine. Jioni hivyohivyo. Anayetoka Miyuji kwenda stendi ya Nanenane naye mara nyingi atapitia hukohuko. Kwa maneno mengine, tumeziondoa katikati sababu za watu kwenda pale, lakini tumewaacha wapite palepale. Wanashuka, wanakimbilia gari lingine, hawana muda hata wa kuchagua embe. Mfanyabiashara wa Sabasaba anaona maelfu ya miguu kila asubuhi na hauzi. Na mtumishi mwenye uwezo, baada ya miezi miwili ya kubanana, anakopa benki ananunua gari dogo la Kijapani, na kila gari kama hilo linamhakikishia dereva wake kwamba kiunga cha mbali zaidi nacho kinafikika. Barabara ya pete ya nje inayojengwa, kilomita 112.3, kutoka Nala kupitia Veyula hadi Mtumba na Ihumwa kisha kuzunguka kwa Matumbulu, itayatoa malori mjini, na hilo ni jema. Lakini kila aliyewahi kuona barabara ya lami ikipita porini anajua kinachofuata: bango la "viwanja vinauzwa" hutangulia hata mistari myeupe.

Kinachouma ni kwamba tuliwahi kuwa na wazo jingine. Wapangaji kutoka Toronto, kampuni ya Project Planning Associates, walipotoa mpango wa jiji mwaka 1976, walichora Dodoma ya jumuiya ndogo, kila moja na huduma zake, zimeshikanishwa na njia za mabasi, mtu aende kwa mguu au baiskeli palipo karibu na apande basi palipo mbali. Nchi ilikuwa ya Ujamaa na mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani tangu 1973. Hakuna aliyedhani kila mtu atakuwa na gari. Wazo lilikuwa na kasoro zake, hasa lile la kuchora mji kana kwamba Dodoma iliyokuwepo ni mpangaji wa muda. Fedha hazikuja pia. Ilikuja vita ya Kagera, ikaja miaka ya themanini yenye foleni za sukari. Tulichobakiza ni majina kama Area A, Area C na Area D, yanayosikika kama stoo ya jeshi, na miti ya barabarani. Lile la kutembea tulilitupa, na leo tunalihitaji kuliko wakati huo.

Najua jibu la upande wa pili, na nitalipa nafasi yake. Serikali ilisubiri miaka zaidi ya arobaini kuhamia Dodoma. Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba sasa tunahama, Waziri Mkuu akafuata Septemba mwaka huohuo, hapakuwa na muda wa kununua nyumba mojamoja Viwandani ili kupata uwanja wa wizara. Fidia ya katikati ingemeza bajeti, kesi zingejaa mahakamani, na pengine leo tungekuwa bado tunahesabu nyufa za majengo ya Kivukoni, Dar es Salaam. Mtumba palikuwa wazi, pana, karibu na barabara kuu. Ningekuwa mezani siku ile huenda ningenyoosha mkono kukubali. Ila kukubali wizara ziende Mtumba hakukulazimisha stendi iende kwingine, soko liifuate stendi, na uwanja wa ndege uende upande wa tatu, bila mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuuliza: tukimaliza, pale tulipotoka patafanya nini?

Dar es Salaam imeondokewa na serikali hiyohiyo na haikuyumba, na kuna watu hutumia mfano huo kusema ofisi si kitu. Dar ina bandari na Kariakoo. Ingekuwa mji wa ofisi tu, Posta ingekuwa inauza ukimya. Dodoma ya katikati haina bandari. Reli ndiyo iliyoizaa, mwaka 1907 Wajerumani walipokuwa wanajenga, ikawa gulio, halafu ofisi za mkoa, halafu Bunge. Daima imeishi kwa kuwa mahali watu wanapolazimika kufika. Ukiondoa ulazima, lazima uweke kitu kingine.

Na kuna jambo moja tulilofanya ambalo linanipa moyo, ingawa lilianza kwa mayowe. Machinga walipoondolewa barabarani hapa mjini, hawakupelekwa porini. Walijengewa soko la wazi Bahi Road, mwendo wa miguu kutoka walipokuwa. Sitasema kila mmoja anacheka. Wa safu za ndani wanalalamika wateja hawawafikii, na wengine wamesharudi kando ya barabara na meza zao za kukunja. Lakini linganisha na wenye vizimba waliotakiwa kuhamia mbali na wateja wao. Mteja wa mchicha hapandi magari mawili kuufuata. Anayehamishwa hatua mia tano hubaki na wateja wake, na mji hubaki naye.

Kwa hiyo ningeanza hapo, kwa hatua mia tano. Ghorofa za juu za Uhindini zirudi kuwa nyumba, mwenye jengo apewe unafuu wa vibali akikarabati vyumba vya watu kulala badala ya stoo. Viwanja vitupu vya katikati vilipiwe zaidi kadiri vinavyokaa, hadi mwenyewe aone ni nafuu kujenga au kuuza. Ziwepo daladala zisizogusa Sabasaba: Nkuhungu hadi Nanenane, Miyuji hadi Kisasa, Mkonze hadi UDOM. Halmashauri ikiuza kiwanja, sehemu ya fedha hiyo ifungwe kabisa kwa bomba na barabara ya kiwanja hichohicho, ili bei yake iseme ukweli. Likisemwa hivyo, Nala ya mbali itaonekana ghali na Chang'ombe ya karibu itaonekana rahisi, jambo ambalo ndilo hali halisi.

Lakini mtihani mkubwa zaidi haujafika. Uwanja wa ndege wa sasa uko karibu kabisa na katikati ya mji. Ndege ikitua, wenye maduka wanasikia magurudumu yakigusa lami. Msalato ukishachukua kazi zake, ardhi ile ndefu, tambarare, yenye mji pande zote, itawekwa mezani. Dodoma haitapata tena nafasi kama hiyo ndani ya mji. Pale pangekaa nyumba za kupanga za watumishi wa kawaida, shule mbili tatu, uwanja wa watoto, njia ya mabasi, na watu maelfu wanaoweza kwenda Majengo kwa miguu jioni kununua mboga.

Nilimweleza yule dalali wangu ndoto hiyo, tukiwa kwenye benchi lake. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kumbe yeye alishapiga hesabu zamani, kwenye daftari lilelile la fremu: urefu wa uwanja, upana wake, toa barabara, gawa kwa 20 kwa 20. Akanionyesha jumla, ameizungushia duara mara mbili.

Nikamuuliza, na shule?

"Shule?" Akafunika daftari. "Shule si mtapewa eneo Nala, kaka."